Hoja Mbele ya Mkutano Wote

Kuna swali ambalo waumini wengi wa Kenya hawalitamki, ila mwenendo wao unalijibu kila siku. Je, kumwendea mtawala na kumtaka abadilishe sheria, bajeti au ushuru ni sehemu ya ucha Mungu, au ni siasa inayochafua mikono? Viongozi tunawaombea kanisani na msikitini. Tunawaalika kwenye harambee, tunawapa kipaza sauti na kuwapigia makofi. Lakini muumini anayeketi akaandika barua ya kurasa mbili kuhusu zahanati isiyo na dawa, akaipeleka kwa karani wa bunge la kaunti na kufuatilia jibu, huonekana mtu wa fujo, au mtu anayejitengenezea njia ya kugombea kiti cha wadi. Nabii Yeremia alipowaandikia Wayahudi waliohamishwa Babeli aliwaagiza mambo mawili kwa pamoja: wautafutie amani mji waliopelekwa, na wauombee. Sisi tumelishika la pili, la kwanza tumewaachia wenye makampuni. Ninashikilia kwamba kuishawishi serikali ni wajibu wa kidini, tawi la kutenda haki, na kwamba wajibu huo una sharti moja lisiloachika: hoja itolewe mahali ambapo kila atakayeguswa nayo anaweza kuisikia na kuijibu. Sharti hilo linamfunga mtawala vile vile.

Mfano ninaoutegemea zaidi umo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, na inasikitisha kwamba hauhubiriwi mara nyingi. Selofehadi wa kabila la Manase amekufa jangwani bila mtoto wa kiume, ameacha mabinti watano. Waisraeli wamepiga kambi katika nchi tambarare za Moabu, karibu na Yeriko, na sensa imekwisha kufanywa: wamehesabiwa wanaume wa miaka 20 kwenda juu, na ardhi ya Kanaani itagawanywa kwa hesabu hiyo. Kwa mpango huo nyumba ya Selofehadi haipati kitu. Mabinti wale wakaenda mlangoni mwa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote. Walisema kwamba baba yao hakuwa katika kundi la Kora lililoasi, alikufa kwa dhambi yake mwenyewe. Basi kwa nini jina lake liondolewe katika jamaa yake kwa kuwa hakuzaa mwana? Wakaomba wapewe urithi kati ya ndugu za baba yao. Musa hakuwa na jibu. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na jibu likawa kwamba mabinti wamesema sawa. Kisha ikatolewa amri ya jumla, inayomhusu kila mtu atakayekufa bila kuacha mwana.

Tazama jinsi walivyoifanya kazi yao. Walikuja baada ya sensa na kabla ya mgao, yaani wakati ambapo takwimu zimejulikana na uamuzi bado haujakauka. Walijua ni nani wenye madaraka na wakahakikisha wote wapo, pamoja na umma wenyewe. Pingamizi waliyoitarajia waliijibu kabla haijatamkwa: kama kuna mtu angesema baba yao alikuwa mwasi aliyestahili kupoteza urithi, hoja hiyo ilikuwa imekwisha kuzimwa. Hawakudai kitu kigeni kwa taifa lao, maana kulihifadhi jina la marehemu katika jamaa yake lilikuwa jambo ambalo kila Mwisraeli aliliheshimu. Walionyesha tu kwamba sheria ilivyosimama inalivunja. Na ombi lao, ingawa lilianza na shida ya nyumba moja, lilikuwa la namna inayoweza kugeuzwa kanuni kwa wote. Jambo la mwisho huwaponyoka wasomaji wengi kwa sababu limo katika kitabu kingine. Katika Yoshua 17, Musa akiwa amekwisha kufa, mabinti wale wanarudi tena kwa Eleazari na kwa Yoshua kukumbusha agizo lililotolewa. Kiongozi alikuwa amebadilika, na ahadi ilihitaji mtu wa kuifuatilia. Hapo ndipo walipopewa ardhi.

Hadithi hiyo ina upande wa pili ambao nauona kuwa muhimu sana. Katika Hesabu 36 wazee wa koo za Gileadi, watu wa kabila hilo hilo la Manase, nao wanamjia Musa na hoja yao: mabinti hawa wakiolewa na watu wa kabila jingine, ardhi itahama nao. Jibu linatolewa kwamba haki ya mabinti inabaki, ila waolewe ndani ya kabila la baba yao. Msomaji wa leo anaweza kuona sharti hilo linambana mwanamke, na mimi naliona hivyo. Lakini kwa swali letu lipo jambo la kushika. Waliopinga walipeleka hoja mbele ya Musa na wakuu, kwa uwazi, na walijibiwa kwa sababu. Ombi la kwanza halikufungia mlango ombi la pili. Hivi ndivyo ushawishi wa halali unavyotofautiana na ushindi wa mwenye nguvu: anayeshinda leo anajua kwamba jirani yake ana haki ya kusimama kesho mahali pale pale na kusema kinyume.

Waislamu wana ushahidi wao, na una uzito uo huo. Sura ya 58 ya Qur'ani, Al-Mujadila, imepewa jina kwa ajili ya mwanamke aliyejadiliana. Bibi Khawla binti Thaalaba alitamkiwa na mumewe, Aws bin Samit, maneno ya dhihari, yale ya kumfananisha mke na mgongo wa mama, ambayo kwa desturi ya zama za ujahiliya yalimwacha mwanamke bila mume na bila uhuru. Alikwenda kwa Mtume Muhammad (s.a.w.) kushtaki. Kwa mapokezi yaliyomo katika tafsiri, mwanzoni hakupata jibu alilolitaka, naye hakuondoka. Aliendelea kueleza hali ya watoto na umri wake hadi wahyi ukashuka. Aya zilizokuja ziliilaani desturi ile na kumwekea mwanamume kafara: kumwacha huru mtumwa, au kufunga miezi miwili mfululizo, au kuwalisha maskini 60. Imepokewa pia kwamba miaka ya baadaye Sayyidna Umar, akiwa khalifa, alisimamishwa na mwanamke huyo njiani, akamsikiliza mpaka mwisho, na waliomlaumu kwa kusimama muda mrefu aliwajibu kwamba huyu ndiye ambaye Mungu alimsikia kutoka juu ya mbingu saba. Katika Taurati na katika Qur'ani, basi, wanawake wasio na cheo wanafika mbele ya mwenye mamlaka na malalamiko yaliyojengwa kwa sababu, na Mungu anakuwa upande wa kuwasikiliza. Baada ya kusoma hayo, sioni muumini atapata wapi ruhusa ya kusema kwamba kazi hii si yake.

Wapo watakaojibu kwa aya za utii. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, na Qur'ani 4:59 inaamuru kumtii Mungu, Mtume na wenye mamlaka. Pingamizi hii si ya kupuuzwa, maana imetumiwa na wacha Mungu wa kweli, pia imetumiwa na serikali zilizotaka waumini wanyamaze. Lakini aya ya Qur'ani yenyewe inaendelea: mkikhitalifiana katika jambo, lirudisheni kwa Mungu na Mtume. Maneno hayo yanachukulia kwamba hitilafu itatokea, na yanaweka kipimo kilicho juu ya pande zote zinazobishana. Paulo naye, aliyeandika kuhusu utii, alikataa kutolewa gerezani Filipi kimya kimya baada ya kupigwa bila kuhukumiwa. Aliwataka mahakimu wa mji waje wenyewe wamtoe, na walikuja. Baadaye, mbele ya liwali Festo, alikata rufani kwa Kaisari. Mtu huyo hakuona mgongano kati ya kuiheshimu mamlaka na kuidai itimize kazi yake. Anayepeleka ombi serikalini ameikubali serikali hiyo kuwa mahali pa kutafuta haki. Mwasi hana haja ya kuandika barua.

Nchini Kenya jambo hili limepewa sura ya kisheria. Katiba ya 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Ibara ya 119 inampa haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi na kuwashirikisha wakazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakwenda mbele zaidi: kifungu cha 15 kinamruhusu mtu yeyote kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake, na kifungu cha 89 kinazifunga mamlaka za kaunti kuyajibu maombi ya wananchi bila kuchelewa. Kaunti 47 zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013 ndizo zenye zahanati, masoko, chekechea, barabara za mashinani, maji na kilimo. Mambo yanayomgusa mama wa soko asubuhi hadi jioni yako mikononi mwa watu anaoweza kuwafikia kwa matatu moja.

Na mahakama imeonyesha kwamba maneno hayo si pambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake dhidi ya Gavana wa Kiambu, iliibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti ilikuwa imetoa tangazo gazetini. Jaji Odunga aliona tangazo la namna hiyo halitoshi, akasema bunge la kaunti lina wajibu wa kuwahimiza watu washiriki kwa kutumia njia nyingi iwezekanavyo, akataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya umma na redio za lugha za wenyeji. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi, maana jaji, mtu wa sheria, ameutaja msikiti na kanisa kuwa sehemu ambapo sheria ya ushuru inapaswa kujadiliwa kabla haijapitishwa, wakati wahubiri wengi wanadhani mimbari yao haina uhusiano wowote na ushuru.

Hali ilivyo kwenye vikao vyenyewe vya kushirikisha umma inasikitisha, na si kwa kosa la upande mmoja. Ukumbi wa kijamii umepangwa viti vya plastiki. Mswada wa kurasa mia na zaidi, kwa Kiingereza, unagawiwa asubuhi ile ile, nakala chache, ingawa Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na moja ya lugha mbili rasmi. Mlangoni kuna daftari la kuandika jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi, na sahihi hizo ndizo zitakazotolewa baadaye kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Mwenye kibanda cha mboga anauliza kwa nini ushuru wa soko umepanda na choo cha soko hakina maji. Afisa anamjibu kwamba maoni yake yameandikwa. Wengine wamekuja kwa sababu ya nauli, na wakishaipata wanaondoka. Ikifika saa saba kikao kimekwisha. Kwa kikao kama hicho mabinti wa Selofehadi wangekuwa wamechelewa, maana mgao umeshapangwa. Bajeti ya kaunti ina kalenda yake: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha kabla ya mwisho wa Februari, makadirio kabla ya mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayetaka zahanati ya wadi yake ipate dawa na akaja na madai yake mwezi wa Juni atakuta pesa zimekwisha kuwa na wenyewe. Mtu wa Agosti, aliyeomba takwimu mapema chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo humtaka afisa ajibu ndani ya siku 21, na aliyeandika ombi lake kwa sababu na kiasi, huyo ndiye anayefika mlangoni kwa wakati.

Pingamizi yenye nguvu zaidi kwangu ni ya wale wanaosema ushawishi na rushwa ni ndugu wa tumbo moja. Mkono mtupu haulambwi, husema watu, na wanaofanikiwa kubadilisha sheria mara nyingi ni wenye hoteli, wenye machimbo na wenye kandarasi, ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa kijamii. Kama ushawishi ndiyo huo, muumini ana haki ya kujitenga. Lakini kipimo cha kuutenga wema na ubaya kipo. Mwaka 1795 Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu amani ya kudumu, alitoa hoja kwamba tendo linalogusa haki za wengine ni la dhuluma ikiwa nia yake haiwezi kutangazwa hadharani bila kuharibika. Mwenye machimbo anayemwambia mwakilishi wa wadi, chumbani, kwamba ada ya mchanga ishushwe na fadhila haitasahauliwa, hawezi kuyarudia maneno hayo mbele ya wakazi wa kando ya mto. Mama wa soko anayesema ushuru ushushwe kwa sababu choo hakina maji anaweza kuyasema popote. Tofauti haiko katika utajiri. Mwenye machimbo naye anaweza kuja ukumbini aseme kwamba ada ikizidi atawaachisha kazi vijana, na hoja hiyo itastahili kupimwa kama nyingine yoyote. Dhambi iko katika kile kinachofichwa. Na wanyonge wakiuacha ukumbi kwa kuogopa kuchafuka, wanaobaki na mwakilishi ni wale wa chumbani.

Hapa baadhi ya masheikh watanipinga kwa hoja wanayoiheshimu: kwamba kuna mapokezi yanayoelekeza anayetaka kumnasihi mtawala afanye hivyo kwa faragha, amshike mkono waende kando. Sikubaliani na wanaoyakejeli mapokezi hayo. Yana hekima kubwa pale kosa linapokuwa la mtu, kwa maana kumfedhehesha mtu hadharani hakumtengenezi na huweza kuzua fitna. Lakini ushuru wa soko si siri ya gavana wala aibu yake binafsi. Ni amana ya watu wote, na mwenye amana anapojadili amana na mtu mmoja kando, wenye mali wengine wana haki ya kuuliza kilichosemwa. Bibi Khawla alikwenda na shida ya nyumbani mwake, jambo la faragha kuliko mengi, na bado hukumu iliyotoka imesomwa hadharani karne baada ya karne, pamoja na habari kwamba kulikuwa na mwanamke aliyejadiliana. Nasiha ya faragha kwa mtu na hoja ya hadhara kwa jambo la umma zinaweza kukaa pamoja.

Wengine husema: tumekwisha kumchagua mwakilishi, tumwache afanye kazi, la sivyo kura ilikuwa ya nini? Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyeandika sana kuhusu utaratibu wa maafikiano miongoni mwa Waakan, alitenganisha mambo mawili ambayo siasa zetu huyachanganya: kuwa na mwakilishi barazani, na mapenzi ya mtu kuwakilishwa katika uamuzi wenyewe. Mtu anaweza kuwa na la kwanza miaka mitano mizima na la pili asilipate hata siku moja. Kura husema nani. Haisemi kama fedha za mwaka huu ziende kwenye jengo jipya la makao makuu au kwenye friji ya chanjo. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Kenya yenyewe inasema wananchi wanaweza kuyatumia mamlaka yao moja kwa moja au kupitia wawakilishi. Anayepeleka ombi hampokonyi mwakilishi kazi. Anampa kile ambacho mwakilishi hawezi kukijua akiwa ofisini.

Lipo jambo ambalo linanitia hofu zaidi kuliko hayo, na sitalificha: wengi wanaweza kuungana, kwa uwazi kabisa na kwa sahihi elfu moja, kuiomba serikali iwaonee walio wachache. Wanaweza kudai wageni wa ukoo mwingine wafukuzwe sokoni, au msikiti usijengwe, au kanisa lihamishwe. Uwazi peke yake hauwezi kuizuia dhuluma ya aina hii, kwa sababu watu wakishakuwa wengi huacha kuona haya. Ndiyo maana nimesema sharti lina sehemu mbili: kila atakayeguswa aweze kusikia, na aweze kujibu. Ombi la kumfukuza muuza samaki limepungukiwa hata likisomwa kwa sauti, mpaka muuza samaki apewe nafasi mbele ya mkutano ule ule. Na muumini anayo kanuni nyingine, ya kuwatendea wengine kama anavyotaka atendewe. Ombi ambalo asingeweza kulivumilia lingeelekezwa kwake asilitie sahihi, hata likiwa limeandikwa na mchungaji wake.

Hatimaye kuna waliokata tamaa. Watakuambia serikali haisikii barua, inasikia barabara, na watautaja Juni 2024, pale maoni yaliyotolewa mbele ya kamati ya Bunge kuhusu Mswada wa Fedha hayakuuzuia kupita, ila vijana walipojaa mitaani Rais akakataa kuutia sahihi. Ni kweli, na damu iliyomwagika tarehe 25 mwezi huo inamkataza mtu yeyote kuwazungumzia vijana wale kwa wepesi. Ibara ya 37 imeweka maandamano na maombi katika sentensi moja, nami sioni sababu ya kuyagombanisha. Ila maandamano hujibu swali kubwa la siku moja. Hayawezi kufuatilia kama friji ya chanjo imenunuliwa. Na thamani ya ombi haipimwi kwa jibu la kwanza pekee. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na mamlaka ya kupokea maombi ya wakazi wake. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York kuieleza dunia yaliyowapata. Kura zilizohitajika hazikutimia, ardhi haikurudishwa. Lakini Uingereza ililazimika kujitetea mbele ya mataifa kwa jambo ililolifanya kwa watu iliodhani hawana sauti, na habari za Wameru zikaenea nchi nzima katika miaka ile ile ambayo chama cha TANU kilizaliwa, Julai 1954. Aliyelazimishwa kutoa sababu amekwisha kukiri kwamba anadaiwa sababu.

Na hilo ndilo deni ambalo sheria yetu bado haijalidai kikamilifu. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, iliamua kwamba Bunge halina wajibu wa wazi wa kisheria kutoa sababu za maandishi kwa kukubali au kukataa kila pendekezo la wananchi, ingawa kufanya hivyo ni utaratibu mwema. Siwezi kubishana na majaji kuhusu maandiko ya Katiba. Nasema tu kwamba wajibu wa kimaadili haukomi pale wa kisheria unapokoma. Kusikiliza bila kujibu humfanya mwananchi kuwa pambo la kikao, sahihi katika daftari. Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, aliona mabinti watano wanastahili jibu. Mwenyekiti wa kamati ya fedha ya kaunti hana cheo kinachomsamehe. Jibu linaweza kuwa hapana. Hapana yenye sababu inamheshimu aliyeomba, na inamwonyesha pa kuanzia mwakani.

Kwa hiyo nawaomba maimamu, mapadri, wachungaji na wazee wa mahekalu jambo jepesi ambalo hakuna sheria inayowazuia. Katika matangazo ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, pamoja na harusi na mazishi, someni tarehe za bajeti ya kaunti yenu: mwisho wa Agosti, mwisho wa Februari, mwisho wa Aprili. Waulize waumini nani yuko tayari kuusoma mswada na kuwafafanulia wenzake kwa Kiswahili. Nanyi mtakaoandika, andikeni kwa mkono kama hamna kompyuta, semeni mnataka nini, kwa sababu gani, na nani ataumia mkipewa. Ipelekeni barua kwa karani, agonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yenu, na muitunze nakala hiyo. Gavana akibadilika, rudini nayo.